Yule mzee wa pama kamfanyia babu yangu kitu leo, na sinyamazi

Wakuu, sijala tangu asubuhi. Nimekaa kibarazani hapa Nkuhungu, vumbi linanipiga usoni, simu ina chaji asilimia 14 na vidole vinatetemeka, kwa hiyo herufi zikikosewa mtanisamehe.

Ni yule mzee, mwalimu wetu wa filamu chuoni. Jina sitaji, mnamjua. Wa kofia ya pama. Yule ambaye kila sentensi lazima ianze na "nilipokuwa nje". Muulize choo kiko wapi, atakwambia nilipokuwa nje vyoo vilikuwa mkono wa kushoto.

Leo ilikuwa siku ya kuonyesha kazi za semista. Yangu ni ya dakika nane: babu yangu mzaa mama, Mvumi, anapiga zeze chini ya mbuyu. Basi. Watu wanadhani muziki wa Kigogo ulizikwa pamoja na Hukwe Zawose mwaka 2003, nikasema ngoja niwaonyeshe, mimi ninaye mzee wangu na vidole bado vipo. Nimeenda kule mara nne. Nauli, bodaboda, pipi za watoto wa kijiji ili wasikatize mbele ya kamera, vyote vimetoka kwenye bumu, ile elfu kumi kwa siku tunayopewa tule. Mimi sikuila. Nimeishi kwa chai ya rangi mpaka suruali inaomba kamba.

Kamera ya darasa ni moja, sisi tuko hamsini na kitu. Upepo wa Dodoma ndio huo mnaoujua, ukiweka maiki nje unarudi nyumbani umerekodi bahari. Nikaivisha soksi. Soksi yangu mwenyewe, wakuu, ya mguu wa kushoto, Julai hii yenye baridi. Halafu kompyuta imekesha siku mbili ikirenda, yaani ikiunganisha vipande viwe filamu moja, inanguruma kama lori linapanda Sekenke, mpaka mwenye nyumba akagonga kuuliza nasaga nini.

Taa zikazimwa. Ikaanza. Sekunde ya 41 mzee akaistopisha, akageukia darasa, akauliza:

"Hii ni harusi ya nani?"

HARUSI YA NANI. Babu yangu. Peke yake. Na mbuyu.

Angeishia hapo ningemeza. Lakini hakuiendeleza na wala hakuizima. Babu kaganda ukutani, kichwa kikubwa kama mlango, mdomo wazi, jicho moja limefumba, kama mtu ambaye chafya imemjia ikaahirisha. Na mzee wa pama akaanza kufundishia humo humo! Eti kuna Mrusi anaitwa Kuleshov, miaka mia na ushee iliyopita alichukua uso wa mwigizaji mmoja akaubandika jirani na bakuli la supu, watazamaji wakasema huyu ana njaa. Akaubandika jirani na jeneza, wakasema huyu ana majonzi. Kumbe uso ni ule ule. Sawa, somo zuri, najua litatoka kwenye mtihani. Lakini kwa nini babu YANGU? Akachukua peni akachora bakuli pembeni ya kichwa cha babu. "Sasa ana njaa." Watu hoi. Akafuta. Akachora jeneza.

Jeneza, wakuu. Mzee yuko hai! Ana mbuzi sita!

Dakika ishirini mdomo wazi. Nimepiga hesabu nikiwa kwenye daladala: fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde mara sekunde 41 ni fremu 1,025. Filamu nzima ina fremu 12,000. Huyu mtu kaangalia 1,025 akashiba. Wale ndugu wawili wa Kifaransa, kina Lumière, mwaka 1895, vipande vyao vilikuwa vya sekunde kama 50 tu, na watu wa Paris walilipa kiingilio wakaangalia mpaka mwisho. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza harusi ya nani.

Jioni babu kapiga simu. "Mjukuu, wameniona?" Nikamwambia wamekuona babu. Wamekuona sana.

Mtu aniambie kama hii ni haki. Harusi!

Zabibu Kavu: Sijasoma yote ila pole mkuu. Kwani harusi ilikuwa ya nani?

Kinyozi wa Majengo: Naunga mkono swali.

Sapu Tatu: Pama namjua vizuri. Mwaka wetu kuna jamaa kazi yake iliangaliwa sekunde 9 akaambiwa akae. Wewe umepewa 41, huyo anakupenda.

Mama Ubuyu: Miaka mitatu chuoni mnajifunza kushika kamera? Mdogo wangu anapiga harusi huko Singida, hata kidato cha nne hakumaliza, juzi kanunua pikipiki.

Mleta uzi: Mama Ubuyu tafadhali, usiniletee harusi humu.

Fremu Moja: Mkuu, bila ubaya, nauliza kitaalamu. Kuanzia sekunde 0 mpaka 41 kuna nini?

Mleta uzi: Mbuyu. Halafu babu anatokea kwa mbali, slomo, ule mwendo wa polepole. Halafu jina la filamu.

Fremu Moja: Jina linaingiaje?

Mleta uzi: Linaingia kawaida.

Fremu Moja: Mkuu.

Mleta uzi: Kuna majani yanadondoka kidogo. YA MZABIBU, siyo maua! Dodoma ni zabibu, ile ni ishara. Programu ya simu, ya bure, sekunde tatu tu. Na maandishi ni ya dhahabu kwa sababu meusi hayakuonekana kwenye mbuyu.

Zabibu Kavu: Jamani mbavu zangu.

Kinyozi wa Majengo: Hiyo ni harusi. Slomo, majani, dhahabu. Ilibaki MC tu.

Sapu Tatu: Na bibi harusi ndiye bakuli la supu 😂

Mleta uzi: Mnacheka, mlichoriwa nyinyi jeneza?

Mjukuu wa Kolo: Msimcheke dogo. Kule kwetu Kondoa wazee wamechora miambani maelfu ya miaka iliyopita, wamechora twiga, wamechora watu wenye vichwa vya ajabu, hakuna mwenye pama aliyewastopisha. Leo ni urithi wa dunia. Kaza.

Mleta uzi: Ahsante mkuu. Umebaki mmoja mwenye akili kwenye uzi huu.

Fremu Moja: Mimi nasema tu, angefuta zile sekunde tatu, babu angefika mwisho. Zeze lenyewe linaanza saa ngapi?

Mleta uzi: Sekunde ya 44.

Fremu Moja: Eeh.

Mama Ubuyu: Samahani, hayo majani ya mzabibu ni programu gani? Dada yangu ana sendofu Agosti.

Mpangaji Mkimya: Wewe unalia na pama, mimi nalia na mama mwenye nyumba. Aprili Bunge la bajeti lilivyoanza akapandisha chumba, akasema wageni wa Bunge wanalipa kwa siku. Nikavumilia. Bunge limeondoka mwisho wa Juni, bei imekaa palepale! Namuuliza, ananiambia Bunge litarudi.

Kinyozi wa Majengo: Hajakosea lakini, litarudi.

Sapu Tatu: Siku hizi kisingizio ni treni. Wangu alisema tangu SGR ifike watu wanatoka Dar, masaa matatu na kitu wamefika, kwa hiyo mji umekuwa karibu, kwa hiyo kodi imekuwa juu. Nikamuuliza mimi natoka Mpwapwa, inanihusu nini?

Zabibu Kavu: Afadhali nyinyi mnapandishiwa chumba chenye maji. Kwetu bomba linakohoa Jumatatu usiku, ukilala umekosa, mpaka Jumatatu nyingine.

Mpangaji Mkimya: Maji ndiyo usiniambie kabisa. Dumu mia tano, na muuza maji anakuja na bodaboda anapiga honi utafikiri analeta mgonjwa.

Mama Ubuyu: Mia tano? Mnaibiwa. Huku kwetu mia tatu mpaka mlangoni.

Kinyozi wa Majengo: Mia tatu ni ya kisima hiyo, ina chumvi. Nilioshea wateja vichwa wiki nzima, povu halikutoka, wakasema sabuni yangu feki.

Mleta uzi: Mama Ubuyu hiyo ya mia tatu ni mtaa gani?

Mama Ubuyu: Ipagala. Ila kwa chai haifai, nakwambia ukweli.

Mleta uzi: Siyo ya chai. Nina soksi hapa ya kufua.