Kiangazi hiki: trauti wa Elgon, kisinja wa Jinja au mputa wa Murchison? Na flai gani?

MvuviMbale
Habari zenu wadau. Mvua imekata tangu Desemba, mito ya huku Mlima Elgon, Uganda, imeshuka, maji meupe mpaka unahesabu mawe chini. Mwisho wa Januari nina wiki moja ya likizo na nataka kuitumia yote kwenye maji. Rodi niliyonayo ni moja tu, namba 5 (nyepesi), laini ya kuelea, na kiboksi cha flai (chambo bandia za manyoya) ambazo kaka yangu aliniletea kutoka Nairobi. Nawaza hivi: nipande Bukwo nikafuate trauti pande za Suam, au niende Jinja kwa kisinja (barbel wa Nile) kwenye maji ya kasi ya Nile, au nichange na wenzangu tukodi boti Murchison tutafute mputa (sangara) na ngassa (tigerfish). Nataka kusikia kwa waliovua wakati kama huu, maji yanakuwaje na mnafunga flai gani. Jamani msinijibu tu "inategemea", semeni nyinyi mngekwenda wapi na kwa nini.

ChepWaBukwo
Kaka mimi ningepanda mlima, ila sikiliza kwanza maana kiangazi trauti si samaki wa kumwendea kwa pupa.

Trauti aina ya reinbo waliletwa huku kutoka Kenya enzi za mkoloni wakapandikizwa kwenye mito ya Elgon kwa sababu maji ni ya baridi. Hiyo baridi ndiyo kila kitu. Trauti anapenda maji ya digrii kama 10 mpaka 16, yakifika 20 anaanza kuhangaika kwa sababu maji ya moto hayabebi hewa ya kutosha. Sasa Januari mto umepungua, jua la saa sita liko utosini, vidimbwi vya chini vinapata joto, kwa hiyo samaki wote wanakimbilia sehemu mbili: shimo lenye kina chini ya kivuli, na pale juu maji yanapoanguka yakatoa povu jeupe. Ukipita ukatupa flai kwenye maji mapana yaliyolala utarudi nyumbani ukisema trauti wameisha, kumbe wamejazana kwenye lile povu ulilolipita.

Jambo la pili ni kuonekana. Trauti anakaa kichwa kimeelekea maji yanakotoka, basi wewe njoo kutoka chini ukipanda, tena kwa magoti ukikaribia shimo, usivae shati jeupe. Kaa mbali kidogo na ukingo maana hatua zako anazisikia kwenye udongo. Nimeona watu wanabishana mchana kutwa kuhusu rangi ya flai wakati wamesimama wima juu ya jiwe na kivuli chao kiko katikati ya shimo, hapo hata ungefunga mdudu mzima aliye hai huyo samaki hali.

Saa za kuvua: alfajiri mpaka saa nne asubuhi, halafu tena kuanzia saa kumi jioni. Mchana pumzika kunywa chai. Nunua kipimajoto kidogo, tumbukiza dakika moja, ukiona kimefika 20 kunja laini, maana trauti ukimpigisha vita kwenye maji ya moto hata ukimwachia anakufa nyuma yako.

Flai: namba 14 na 16, ndogo (kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua). Drai (flai ya kuelea) nyeusi au ya kijivu kama Adams, na nimfu (flai ya kuzama) nyembamba ya manyoya ya ndege pheasant. Leda (uzi wa mbele ya laini) futi 12, tipeti (ncha yake nyembamba) 5X au 6X. Basi.

Okello_Pakwach
Namheshimu Chep lakini mimi ningeshuka Murchison bila kufikiri mara mbili. Kaskazini huku kiangazi ndicho kiangazi, Desemba mpaka mwanzo wa Machi, na vile vijito vya pembeni vinapokauka haviingizi tope, Nile inakuwa safi kuliko miezi ya mvua. Mputa anawinda kwa macho na kwa mtikisiko, maji yakiwa safi anaiona flai yako kutoka mbali.

Ila rodi namba 5 iache nyumbani kabisa. Mputa anapita kilo 50, rekodi ya dunia ya IGFA (shirika la uvuvi wa michezo) ni zaidi ya kilo 104, alivuliwa Ziwa Nasser kule Misri mwaka 2000. Unahitaji rodi namba 10 mpaka 12, laini ya kuzama haraka, leda nene ya ratili 80 kwenda juu kwa sababu mdomo wake una msasa na kifuniko cha shavu kinakata. Flai ni za kuigiza samaki, Clouser na Deceiver, urefu wa kiganja na zaidi, nyeupe na kijani mchana, nyeusi au zambarau jua likizama. Ngassa naye ni habari nyingine, yale meno yanakata uzi papo hapo, funga kipande cha waya mbele ya flai.

Pa kutupa ni pale maji makali yanapopakana na maji yaliyotulia, chini ya maporomoko ambapo karibu mto wote unapenya kwenye ufa wa mita kama 7 hivi halafu unashuka zaidi ya mita 40. Mputa anapenda hewa nyingi, anakaa kwenye ukingo wa ule mkondo akingoja samaki wadogo waliochanganyikiwa.

Dada_Walukuba
Mbona Jinja mnaipita kama stendi ya mabasi? MvuviMbale ameshasema rodi yake ni namba 5. Kisinja ndiye samaki wa rodi hiyo, na vitabu vya kizungu vinamwita samaki wa Ripon kwa jina la yale maporomoko yaliyofunikwa na maji bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa 1954. Sisi tunamvua palepale kwenye maji ya haraka yaliyobaki, kuteremka kuelekea Itanda, sehemu zenye mawe na kokoto. Anakula wadudu wa chini kwenye mawe, anakula konokono wadogo, na akishika anakwenda na mkondo, mtavutana mpaka mkono ufe ganzi.

Nimfu nzito yenye kichwa cha bidi (shanga) ya shaba, namba 8 au 10, kahawia au zeituni. Lazima iguse chini, isipogusa hujavua. Ukiona laini imesita hata kidogo inua rodi.

Kiangazi au masika Jinja haibadiliki sana kwa mvua kwa sababu maji yanatoka Ziwa Victoria, kinachobadilisha ni mabwawa. Nalubaale, Kiira, Bujagali, hawa wakiongeza au kupunguza mitambo maji ya chini yanapanda au kushuka ndani ya siku hiyohiyo. Kwa hiyo jiwe ulilovukia asubuhi ukiwa mkavu saa nane linaweza kuwa limezama. Usivuke kwenda kisiwani bila mtu wa pale anayeujua mto, nasema hivi kwa moyo wote.

MvuviMbale
Asanteni sana, mmenifungua macho. Dada, kisinja sikuwa nimempa uzito. Chep, kwenye kiboksi changu kuna Mrs Simpson nyingi, Kenya Bug, Coachman, na moja kubwa ya manyoya mengi sijui jina. Drai ndogo ninazo mbili tu. Hizo nyingine ziko bure?

ChepWaBukwo
Hazipo bure, ila kila moja ina saa yake.

Mrs Simpson ni flai nzuri ya mabwawa na maji yenye rangi, kwenye maji meupe ya Januari ni kubwa mno, inaanguka kishindo trauti anatoroka. Iweke. Coachman ndogo jioni inafaa, ule unyoya mweupe unakusaidia kuiona giza likiingia. Kenya Bug usiiache nyumbani hata siku moja, nyeusi tupu, haifanani na mdudu mmoja hasa ila inafanana kidogo na kila kinachotambaa chini ya mawe. Kama una namba 12 au 14 ndiyo ya kiangazi, iache izame shimoni halafu ivute polepole sana. Ile namba 8 iwe mfukoni kwa ajili ya siku mvua ikinyesha ghafla kule juu, maana Elgon hata kiangazi wingu linaweza kumwaga na ndani ya saa moja mto unageuka chai ya maziwa. Maji yakichafuka kidogo tu trauti anapoteza woga, hapo flai kubwa nyeusi inashinda zote. Yakichafuka kabisa toka mtoni.

Na usisahau panzi. Nyasi zimekauka, upepo wa mchana unawarusha mtoni, kwa hiyo flai ya panzi ya kuelea namba 10 au 12, itupwe karibu na ukingo wenye majani, ianguke "pwa", ndiyo flai pekee ninayoitupa kwa kishindo wakati huu.

Mzee_Kapkwata
Vijana niwaongezee moja. Msifuate sana yale majedwali ya vitabu vya Uingereza, kwamba mwezi wa sita mdudu huyu, wa saba yule. Sisi tuko karibu na ikweta, wadudu wa mtoni wanaanguliwa mwaka mzima, hakuna ule msimu wao wa baridi wa kuwasubirisha. Hapa kinachoamua ni maji: yamejaa au yamepungua, meupe au machafu, baridi au moto. Geuza jiwe moja utazame chini yake kuna nini, ukubwa gani, rangi gani, ndipo ufungue kiboksi.

Tena ndani ya hifadhi ya Mlima Elgon usivue bila kuuliza UWA (mamlaka ya wanyamapori Uganda), ofisi yao iko Mbale kwenu hapohapo. Mto Suam wenyewe ni mpaka wetu na Kenya, beba kitambulisho, na ukitaka kuvuka upande wa pili pitia kituo cha mpakani.

Okello_Pakwach
Shikamoo mzee. Hilo la kibali na Murchison ni hivyohivyo, kibali cha uvuvi wa michezo unakipata UWA kabla hujatia mguu kwenye boti, na gharama ya boti na mafuta si mchezo, changeni watu watatu au wanne. Msivue ukingoni peke yenu, mamba wa pale wanajua kungoja. Na mputa mkubwa mwachieni, wale wakubwa karibu wote ni majike, ndio wanaobeba mayai. Msimninginize kwa mdomo mkipiga picha, mshikeni tumbo akiwa majini.

BodaKween
Barabara ya Kapchorwa mpaka Suam sasa ni lami, siyo ile ya zamani ya kukwama kwenye matope. Kutoka Mbale ukiondoka mapema unafika mchana bila shida. Beba tu jaketi, usiku huku baridi inauma.

MvuviMbale
Nimeamua: siku nne Bukwo, halafu nateremka Jinja kwa Dada siku mbili na rodi ileile. Murchison nitaiwekea akiba mpaka nipate rodi nzito, Okello usinichoke. Sasa shida ni drai mbili tu, na Mbale sijaona duka la flai. Nifanyeje?

Dada_Walukuba
Karibu sana. Nimfu za kisinja usihangaike, nitakufungia za kukutosha.

ChepWaBukwo
Funga mwenyewe kaka. Tafuta jogoo wa kienyeji mzee, yale manyoya ya shingoni, si ya kuku wa kisasa maana ni laini yanalowa upesi. Chagua yenye nyuzi fupi, kwa ndoana namba 14 nyuzi zisizidi mara moja na nusu ya upana wa mdomo wa ndoana. Mwili, uzi mweusi wa cherehani, mizunguko miwili kwenda na kurudi, usinenepeshe. Zungusha unyoya mara nne mbele karibu na jicho, funga fundo, kata. Paka nta ya mshumaa kidogo sana kwa kidole ili ielee. Bana kile kijino cha ndoana kwa koleo kilale, samaki atoke bila kuchanika. Funga kumi za namba 14 na tano za 16, na usimchinje jogoo, ng'oa machache tu, naye atatufaa mwakani.