Naombeni ushauri: naenda kazi ya utafiti msituni Rubeho miezi mitatu, nivae buti gani?

Nyemo_wa_Kikuyu
Habari za usiku wakuu. Mimi ni binti wa miaka 24, nipo Dodoma, nimemaliza shahada ya baiolojia mwaka jana. Nimepata kazi ya muda ya msaidizi wa utafiti wa ikolojia kwenye milima ya Rubeho, upande wa Mpwapwa. Barua inaiita kazi ya kiangazi, Juni hadi Agosti: kupima miti na kukagua mitego ya vyura. Tutalala kwenye mahema huko juu. Naripoti Jumatatu na sijawahi kulala porini. Gambuti au buti za kamba? Baridi ya kule ikoje? Moto wa kuni unawashwa karibu na mahema? Na zahanati ya karibu ni mwendo wa saa ngapi?

Fundi_Sabasaba
Dada, nenda soko la Sabasaba mapema siku wanayofungua mabelo ya mitumba. Chukua buti za ngozi zenye meno, zizidi mguu wako namba moja, maana utavaa soksi mbili. Gambuti beba kwa ajili ya mabondeni. Raba acha nyumbani.

Babu_Kongwa
Binti mzima miezi mitatu porini na watu usiowajua. Nyumbani wamekubali? Sisi zamani hata kwenda kuchunga ng'ambo ya kijito tulikuwa tunaaga.

Mpimamiti
Hongera sana mdogo wangu. Nimefanya misimu miwili milima ya Udzungwa na ningerudi kesho. Utajifunza kupima mti kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka chini. Mmoja anazungusha utepe, mwingine anaandika, na aliyeshika daftari lazima arudie namba kwa sauti. Mitego ya vyura ni ndoo zilizofukiwa mdomo sawa na ardhi, unazikagua alfajiri kabla jua halijawakausha. Siafu wakipita usiku, usipigane nao, hama. Na huko Udzungwa ndiko mwaka 1991 watafiti waliona miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya sufuria ya mboga, akaja kuwa kwale mpya kabisa kwa sayansi. Rubeho nao wana kwale wao, walimpata mwaka 2000. Nikikumbuka ule ukungu wa asubuhi…

Mama_Wawili
Mpimamiti, ngoja kidogo. Mimi ni muuguzi. Nyemo mwanangu, vijana wa umri wako huuliza posho kwanza. Wewe umeuliza baridi, moshi na zahanati. Unaumwa nini?

Babu_Kongwa
Swali zuri hilo.

Nyemo_wa_Kikuyu
Mmenibana. Nina pumu tangu utotoni. Kwenye fomu ya afya kulikuwa na swali hilo, nikajibu hapana. Lakini nisikilizeni kabla ya kunihukumu. Mara ya mwisho kubanwa vibaya ilikuwa kidato cha tano, bwenini. Vumbi lote hili la Dodoma nalivumilia. Mkataba nimeshasaini, posho ya wiki mbili nimepokea na begi la kulalia nimenunua. Nimetuma maombi ya kazi mwaka mzima, hii ndiyo ya kwanza kujibiwa. Nikisema, watamchukua mwingine.

Fundi_Sabasaba
Pole dada. Mdogo wangu anayo hiyo pumu na anabeba mizigo sokoni vizuri tu. Ila kwake hospitali ni kuvuka barabara.

Hakimu_wa_Uzi
Wakuu, hii ni chai. Rubeho ipo Morogoro. Mpwapwa ni mkoa wa Dodoma, nusu jangwa, msitu wa mvua utoke wapi? Tanzania haina hiyo kazi ya kiangazi, Juni kwetu ni kipupwe. Na vyura gani wanatembea wakati mvua zimekata? Huyu anatafuta huruma, kesho ataomba nauli.

Chamwino_Kwetu
Hata mimi nimeanza kushtuka. Na kama ni watafiti wa nje, hawaingii hivi hivi, kuna kibali cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Kibakwe_Damu
Hakimu, uliza wenyeji kwanza. Mimi ni wa Kibakwe. Milima hiyo ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita, Kenya, hadi Udzungwa, na Rubeho inagusa Morogoro na Mpwapwa pia. Chini kwetu ni mibuyu na vumbi, lakini ukiinua macho asubuhi juu huoni kitu, mawingu yamekaa. Unyevu wa kule unatoka bahari ya Hindi, ndiyo maana hata kiangazi majani yanadondosha maji na vyura wapo. Jina la "kazi ya kiangazi" ni la wageni, vyuo vyao hufungwa miezi hiyo.

Nyemo, sikia hili. Kijana mmoja wa kwetu alivunjika mguu akipasua mbao huko juu. Walimbeba wanaume wanane kwa kupokezana, kwenye machela ya miti na blanketi. Walianza kushuka alfajiri, wakafika kwenye gari jua linazama. Yeye alikuwa amevunjika mguu tu, alikuwa anapumua vizuri.

Nyemo_wa_Kikuyu
Hakimu, sijaomba hela ya mtu. Vibali vyote anavyo kiongozi wa timu, na cha kuingia hifadhini kimetoka TFS, wakala wa misitu, nakala ipo kwenye barua pepe yangu. Na pampu yangu ya bluu ninayo hapa mkononi. Nimeshasema niko vizuri, nimeinunua Februari na bado haijaisha. Kaunta inasoma 61.

Mama_Wawili
Mwanangu, hiyo pampu ilianza na 200. Umeivuta mara 139 tangu Februari, na hapo hujapanda mlima wala kukaa na moshi wa kuni. Ya bluu inafungua njia ya hewa kwa muda tu. Mtu anayeihitaji hivyo, pumu yake haijadhibitiwa. Ile ya kahawia ya kuzuia unatumia?

Nyemo_wa_Kikuyu
Niliacha. Bei.

Hakimu_wa_Uzi
Nimekosea, samahani dada. Sikujua Rubeho inafika huko.

Mpimamiti
Mdogo wangu, timu yoyote ya msituni ina kazi za kambi ya chini: kukausha sampuli za majani, kuingiza takwimu, kupokea ndoo. Sisi tulikuwa na mtu wa hivyo, na jina lake liliandikwa kwenye ripoti sawa na letu. Lakini kiongozi hawezi kukupangia asichokijua.

Nyemo_wa_Kikuyu
Nimemwandikia. Nimeeleza pumu, fomu, na hiyo 139. Nimeomba nafasi ya chini, na kama haipo nitarudisha posho. Bado sijatuma, nimeisoma mara sita. Labda nisubiri asubuhi.

Mama_Wawili
Tuma sasa hivi. Niko zamu ya usiku, nitakuwa macho mpaka saa kumi na mbili. Halafu njoo kliniki kesho tuanze na ile ya kahawia.

Nyemo_wa_Kikuyu
Imeenda.