Mjadala: Je, Jack Trice alistahili kupewa uwanja mzima?

Wadau, mada hii naileta nikiwa tayari na upande wangu. Chuo Kikuu cha Iowa State, kilichopo mji wa Ames nchini Marekani, kina uwanja wa futiboli ya Kimarekani unaoitwa Jack Trice Stadium. Wapo wanaosema jina hilo ni la huruma tu. Kijana hakumaliza hata msimu mmoja katika timu kubwa, rekodi hana, basi iweje abebe uwanja na kuwapita waliocheza miaka minne na kutia fora? Mimi nasema anastahili, tena chuo kilichelewa mno.

Kwa wasiomfahamu: Trice alizaliwa 1902 huko Hiram, Ohio, na akasoma sekondari Cleveland. Kocha wake Sam Willaman alipohamia Iowa State, naye akamfuata 1922, akawa mwanamichezo wa kwanza Mweusi wa chuo kile. Alisomea ufugaji, akikusudia kwenda majimbo ya kusini kuwasaidia wakulima Weusi. Tarehe 6 Oktoba 1923 timu ilikuwa Minneapolis kucheza na Chuo Kikuu cha Minnesota. Akavunjika mtulinga mapema, akakataa kutoka. Robo ya tatu alijirusha mbele ya wapinzani ili kuwazuia, akaanguka chali, nao wakapita juu yake. Hospitali ikaona anaweza kusafiri. Akarudishwa Ames kwa treni, amelazwa kwenye godoro la majani makavu, na tarehe 8 akafariki kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Alikuwa na miaka 21.

Mfukoni mwa koti lake ilikutwa barua aliyojiandikia usiku wa kuamkia mechi. Aliandika kwamba heshima ya watu wa rangi yake, ya familia yake na yake mwenyewe imo hatarini, kwamba kila mtu anamtarajia afanye makubwa, na kwamba atayafanya. Kisha, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi, akaanza kujipa maelekezo ya kazi: apigane akiwa chini, macho wazi, awe macho kila dakika. Huyo ni mchezaji aliyeujua mchezo wake. Tusimgeuze mhanga tu.

Sasa tuje kwenye hoja inayochoma: alikanyagwa kwa makusudi? Wengine wanajibu bila kusita, ndiyo, kwa sababu alikuwa Mweusi. Wengine wanasema ni mbinu aliyotumia, ile ya kujibingirisha mbele ya miguu ya watu, ambayo ilikuwa hatari kwa yeyote. Ukweli ni kwamba hakuna picha inayoweza kumaliza ubishi huu. Linganisheni na Johnny Bright wa Chuo Kikuu cha Drake, pia cha Iowa. Mwaka 1951, kule Stillwater, Oklahoma, alivunjwa taya na mpinzani wakati hata mpira hakuwa nao. Wapiga picha wa gazeti la Des Moines Register walinasa tukio zima, wakapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Hata kwa ushahidi ule, chuo cha mpinzani huyo kilikaa hadi 2005 ndipo kikaomba radhi. Kwa hiyo anayesema tusubiri ithibitike nia ya wale vijana wa Minnesota anatuambia tusubiri milele. Kwangu inatosha kwamba Trice aliingia uwanjani akiwa Mweusi pekee wa timu yake, wakati vyuo kadhaa vilikuwa vimeelewana chini kwa chini kutocheza na timu yenye Mweusi.

Halafu angalieni jina lenyewe lilivyopatikana. Mazishi yalihudhuriwa na watu wapatao 4,000, likawekwa bamba la kumbukumbu, kisha ikawa kimya kwa miongo. Wanafunzi ndio walioifufua habari yake miaka ya 1970 na kudai uwanja mpya uitwe kwa jina lake. Uwanja ukafunguliwa 1975, wakubwa wakakwepa. Mwaka 1984 ukaitwa Cyclone Stadium, na Trice akapewa eneo la kuchezea tu. Wanafunzi wakachanga fedha, sanamu ikasimama 1988. Jina kamili likaja 1997. Vizazi vya wanafunzi vilipita, kila kimoja kikikabidhi dai kwa kinachofuata. Huruma haidumu hivyo. Na shahada aliyokuwa akiisomea chuo kilimpa 2023, miaka 100 baada ya kifo chake!

Sitaki nionekane nasherehekea tu. Mama yake, Anna, alimwandikia mkuu wa chuo kwamba iwapo maisha ya mwanawe yatawatia moyo wanafunzi Weusi watakaofika Ames, basi hakufa bure. Lakini akaongeza kwamba huyo ndiye pekee aliyekuwa naye, na kwamba yeye ni mzee na mpweke. Uwanja haulipi hilo, na anayeutumia kuonyesha kwamba deni limekwisha simuungi mkono.

Wanaopinga, nawaomba mniambie jambo moja: kama kipimo chenu ni idadi ya mechi, kijana aliyezuiwa na kifo kuzicheza mnampimaje? Na wanaokubaliana nami, je, Minnesota nayo ina wajibu gani hadi leo? Karibuni.