Asiyehudhuria mkutano wa mtaa anyimwe barua?

Mtoa mada (Makorora, Tanga)

Ndugu zangu, salaam. Jumapili iliyopita mtaani kwetu kulikuwa na mkutano mkuu. Ajenda zilikuwa mapato na matumizi, uzoaji taka na ulinzi shirikishi. Mtaa una watu kibao, lakini waliofika hawakujaza hata viti vya plastiki vilivyokodiwa. Kwenye mengineyo akasimama mkazi mmoja akatoa hoja: liwekwe daftari la mahudhurio, na mtu akija ofisini kutaka barua ya utambulisho, mtendaji afungue daftari kwanza. Kama hujaonekana mikutano miwili mfululizo, barua yako isubiri. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema hoja ataileta mkutano ujao tuiamue.

Mimi naiunga mkono. Barua ile sote tunaijua. Kitambulisho cha taifa, akaunti ya benki, kumdhamini mtoto wa dada yako polisi, mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia kumi ya mapato yake: kote huko utaulizwa muhuri wa mtaa. Siku ya kutaka muhuri watu wanaijua ofisi ilipo hata usiku. Siku ya kusomewa hesabu, kila mtu ana msiba Muheza.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alimwelezea raia kuwa ni mtu anayeshiriki kutawala na kutawaliwa. Hakusema mtu mwenye kitambulisho. Naye mwanafalsafa Rousseau, mwaka 1762, aliwacheka Waingereza kwamba wanajiona watu huru kumbe uhuru wao ni siku ya kuchagua wabunge tu, wakishamaliza wanarudi utumwani. Katiba yetu, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote ya Serikali. Sasa msingi wenyewe ukiitwa hautokei, mamlaka yatatoka wapi? Watu thelathini na kitu wanaamua kwa niaba ya mtaa mzima, halafu wiki nzima tunasikia "viongozi wamejiamulia".

Karibuni. Hoja, si matusi.

Muuza chakula, soko la Mgandini

Kaka, huo mkutano wenu ulikuwa saa ngapi?

Mtoa mada

Saa nne asubuhi, dada. Umeanza saa tano kasoro.

Muuza chakula, Mgandini

Basi mjadala umeisha, au niendelee?

Haya, naendelea. Saa nne miye nageuza chapati za mwisho, maharage yako jikoni, na wali wa mchana naupigia hesabu. Wabeba mizigo wanakula saa hiyo, ukiwakosa wameshahamia kwa jirani. Jumapili ndiyo siku yenyewe, watu wa Pongwe na Maramba wanashuka mjini. Nikifunga banda nije nisikilize mwenyekiti anasoma karatasi, hela ya mchezo (upatu) ya Jumatatu atanipa yeye? Halafu mwezi ujao nataka barua nikaombe huo mkopo wa asilimia kumi, ambao umewekwa kwa ajili ya wanawake kama sisi, naambiwa daftarini simo. Anayepata mkopo ni yule mwenye muda wa kukaa kwenye viti vya plastiki. Nyie wanaume mnapenda sana mambo ya kufungua madaftari.

Mwalimu wa Uraia, Chumbageni

Nimecheka, dada, ila nataka niongeze kitu kwa kaka wa Makorora aliyemtaja Aristotle. Tatizo hilo la mahudhurio Waathene, Wagiriki wa kale, walilijua. Mkutano wao mkuu ulikaa kwenye kilima kiitwacho Pnyx, chini kidogo kuna soko, na watu walipenda soko kuliko mkutano. Katika karne ya tano kabla ya Kristo watumishi wa mji walikuwa wakishika kamba iliyopakwa rangi nyekundu wanawasomba watu kutoka sokoni kuelekea mkutanoni. Aliyechafuka nguo kwa rangi alijulikana kuwa ni mzembe. Hilo ndilo daftari lenu.

Kisha mwanzoni mwa karne ya nne wakabadili mbinu, wakaanza kuwalipa wanaohudhuria: oboli moja (sarafu yao), baadaye tatu. Yaani wale wale tunaowaita waasisi wa demokrasia waliona mtu maskini hawezi kuacha kibarua chake aje kujadili mambo ya mji bila kufidiwa. Nadhani somo liko kwenye malipo kuliko kwenye kamba.

Muuza chakula, Mgandini

Mwalimu, shikamoo. Walipokwenda wote mkutanoni, sokoni alibaki nani?

Mwalimu wa Uraia, Chumbageni

Marahaba. Swali zuri hilo. Wanawake, watumwa, na wageni wakazi ambao walilipa kodi na kupigana vita lakini hawakuhesabiwa raia. Mkutano haukuwa wao.

Muuza chakula, Mgandini

Nilijua tu.

Msoma sheria, Raskazone

Tuitazame hoja kwa sheria, maana makofi hayatungi sheria.

Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu. Imeandikwa kama haki. Wajibu wa raia umetajwa mahali pengine, kuanzia ibara ya 25 mpaka ya 28: kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulinda taifa. Soma zote nne, hukuti "kuhudhuria mkutano". Mtaa hauna mamlaka ya kutunga adhabu mpya, tena adhabu ya kumnyima mtu huduma ambayo ofisi ile ipo kwa ajili ya kuitoa. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri. Barua si zawadi yake, wala ya mwenyekiti.

Na kuna jambo la pili, zito zaidi. Mwaka 1949 msomi Mwingereza T. H. Marshall alitoa mihadhara Cambridge akaugawa uraia mafungu matatu: haki za kiraia kama mahakama na uhuru wa mtu, haki za kisiasa kama kura, na haki za kijamii kama elimu na matibabu. Mafungu hayo hushikana. Hoja ya Makorora inachukua haki ya kisiasa, inaigeuza kuwa wajibu, halafu inaifanya ufunguo wa zile nyingine mbili. Huwezi kumdhamini ndugu yako polisi kwa sababu hukuja kusikiliza habari za taka!

Wazee wetu waliwahi kuwekewa masharti ya namna hii. Uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, ili uandikishwe ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa. Tena ukishaandikishwa unalazimika kumpigia Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ile iliyoitwa kura tatu. Waliotunga masharti nao walisema wanataka mpiga kura anayejali na kuelewa mambo.

Mtoa mada

Ndugu wa Raskazone, hapo umenivuta mbali. Sharti la pauni 150 lilimfungia mtu mlango kwa kitu asichonacho. Miguu kila mtu anayo. Na sijasema mtu anyang'anywe kura.

Kuhusu haki na wajibu, mwaka 1819 pale Paris, mwandishi na mwanasiasa Benjamin Constant alitofautisha uhuru wa watu wa kale, waliojitawala uwanjani, na uhuru wa watu wa sasa, wanaotaka kuachwa wafanye biashara zao kwa amani. Wengi humnukuu hapo wakaishia hapo, naona ndivyo tunavyofanya sote humu. Lakini yule bwana alimalizia kwa onyo: tukizama mno kwenye shughuli zetu binafsi tutaiachia sehemu yetu ya madaraka kirahisi, na wenye madaraka watafurahi sana kutupunguzia mzigo. Mimi nazungumzia onyo hilo.

Australia wameweka sheria ya kupiga kura kwa lazima tangu 1924. Usipopiga bila sababu ya maana unatozwa faini ya dola 20. Wanaojitokeza ni karibu tisa kati ya kumi. Nani anawaita madikteta?

Bodaboda, Duga

Bro, Australia wanapiga kura Jumamosi, kuna kura ya posta, kuna kupiga mapema, na masanduku wanayapeleka mpaka hospitali. Serikali imejibana yenyewe kwanza ndipo ikambana raia. Nyie mtaani kwenu tangazo la mkutano lilibandikwa wapi? Kwetu linabandikwa mlangoni kwa ofisi, yaani linasomwa na mtu ambaye tayari kafika ofisini.

Halafu tusizungukane. Kwa nini vijana hawaji? Tarehe 27 Novemba 2024 tulichagua wenyeviti wa mitaa na vijiji nchi nzima. Vyama vya upinzani vililalamika wagombea wao wameenguliwa kwa wingi, wengine kwa makosa ya kujaza fomu. Matokeo yakatangazwa, chama tawala takriban asilimia 99 ya nafasi. Sisemi mengi. Nasema kijana aliyeona hayo ukimwita mkutanoni anauliza: nikija, kuna kitu gani hakijaamuliwa? Siku ajenda ni fidia ya ardhi, watu wanajaa mpaka juu ya miti. Bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, linatembea kilomita 1,443 linaishia hapa hapa Chongoleani. Nenda kaite mkutano wa fidia ya bomba uone kama utahitaji daftari.

Mtu wa Handeni

Nimesoma kimya kimya, lakini hii ya barua inanigusa.

Huku kwetu kuna Chogo. Wakazi wake wengi ni watu ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka ukanda huu huu karne ya 19, wakapelekwa mabonde ya Juba, Somalia. Vita ya 1991 ikawarudisha wakiwa wakimbizi, wengine bado wanasema Kizigua ambacho wenzetu wa mjini mmekisahau. Serikali ikawapa ardhi na baadaye uraia. Ni jambo la kujivunia, na halijasemwa vya kutosha.

Sasa mfikirie mtu wa aina hiyo, au mjukuu wa manamba aliyeletwa kukata mkonge na hana cheti cha kuzaliwa cha babu wala cha baba. Kwake barua ya mtendaji ndiyo hatua ya kwanza ya kuthibitisha kwamba yeye ni wa hapa. Dawati la kitambulisho cha taifa litaanza kwa kumuuliza hiyo. Wewe wa Makorora ukinyimwa barua utakasirika tu. Yeye akinyimwa, uraia wake wenyewe unaingia mashakani. Na anayeshika daftari ni jirani yake, labda jirani waliyegombana mpaka wa shamba.

Kingine, sheria ya serikali za mitaa Na. 7 ya 1982 inasema mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji ni kila mkazi wa kawaida aliyefikia umri wa miaka 18. Mkazi. Haikuanza na karatasi, ilianza na mahali unapolala. Hapo waliotunga walikuwa na busara kuliko sisi.

Mzee wa Lushoto

Wanangu, nimewasikia na Wagiriki wenu. Usambara baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuja na mpango wa matuta, wakaanzia bonde la Mlalo. Kila kaya ichimbe matuta mlimani kuzuia mmomonyoko, na waliochimba hasa ni mama zetu. Kila jambo lilipitia barazani. Jumbe akiita, watu wanakuja, asiyekuja anajua kitakachompata. Mahudhurio yalikuwa mazuri mno! Mngeyaona mngeyapenda.

Lakini pale barazani hakuna aliyesema kitu. Watu walisemea mashambani: matuta wakachimba nusu, usiku wakayaacha yabomoke, wakaenda kwa watawala wao makundi kwa makundi kulalamika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukafa. Kwa hiyo mtoto wa Makorora, mimi sina ugomvi na mkutano kujaa. Nakuuliza tu, wakijaa kwa kuogopa daftari, watakwambia ukweli?

Mtoa mada

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako nimelichukua, ila silimezi lote. Baraza la jumbe lilikuwa la kupokea amri. Mkutano wa mtaa kisheria ndio unaopokea hesabu, na una nguvu ya kuzikataa. Tukiuacha mtupu, tunamrudishia jumbe baraza lake kwa hiari yetu, bila hata Mwingereza kuwepo.

Kwa hiyo Jumapili ijayo naingia na hoja yenye vipande viwili. Kwanza mkutano uanze saa kumi na moja jioni, baada ya alasiri, sokoni au kiwanjani, si mlangoni kwa ofisi, na hesabu zibandikwe wiki moja kabla na kusomwa kwenye kipaza sauti cha gari. Pili daftari libaki, lisomwe hadharani kila mkutano kuanzia mwenyekiti na wajumbe wa kamati kwenda chini. Kufungamanisha na barua, tupige kura tuone. Mimi bado mkono wangu utakuwa juu.

Msoma sheria, Raskazone

Ukipita huo wa barua, mtu wa kwanza kunyimwa nitamwandikia mimi mwenyewe lalamiko kwa mkurugenzi wa jiji, bure.

Bodaboda, Duga

Saa kumi na moja ndiyo abiria wanatoka kazini, bro. Weka saa mbili usiku.

Muuza chakula, Mgandini

Saa mbili usiku mwanamke gani atatembea Makorora? Kumi na moja inanifaa, sufuria zinakuwa zimeshaoshwa. Mie mtaa wangu si huo, lakini hoja ya kipaza sauti naibeba kwetu kama ilivyo. Na mwenyekiti wetu akisema hakuna hela ya mafuta ya gari, nitamuuliza ile ya kukodi viti inatokaga wapi.