Ati macho ni mazima, shida iko kichwani mwangu!

Wadau wa Kisumu, nimetoka kliniki ya macho saa hii na bado natetemeka kwa hasira. Yule daktari wa lesa aliyenipasua macho ili niache miwani mnamjua, bango lake linaonekana hadi Uganda. Mlango wazi, foleni nzima inasikiliza, ananiambia: "Macho yako ni mazima, mama. Shida iko kichwani." Kichwani! Hata mlinzi alicheka.

Nilienda kumweleza kwamba usiku taa za bodaboda zina pete kubwa kama sufuria za matanga, na jicho la kulia linaona kila herufi mara mbili. Hakunikalisha hata kwenye ile mashine ya kuwekea kidevu. Akachungulia simu yake, akaniandikia matone yale yale, halafu ndiyo hiyo: kichwani.

Macho kukauka naelewa. Wakikata konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ifunuke kama kifuniko, mishipa ya fahamu inakatika pia, na huchukua miezi kupona. Hilo nilielezwa nikatia sahihi. Lakini herufi mbili kwa jicho moja? Kifuniko kikijikunja huinuliwa kikanyooshwa, na mapema ndiyo rahisi. Atajuaje bila kuangalia? Siku ya kulipa nilikuwa "mteja wetu mpendwa". Leo nina kichwa kibovu, mbele ya watu!

Omosh_Nyalenda: Pole dada. Sasa uzi mrefu hivi umeuandika na macho gani?

Mwenye uzi: Binti yangu anaandika, mimi namtamkia. Cheka tu, wewe na mlinzi wake.

NyarAlego: Huyo huyo! Shemeji yangu hakupewa hata vile vikinga vya plastiki vya kulalia. Akajisugua jicho usingizini.

Spea_Kibuye: Miwani ilikukosea nini? Yangu nilinunua mia mbili, barabarani.

NyarAlego: Hiyo ni ya kusomea, baba. Ndiyo maana unagonga watu na mkokoteni.

Jamaa_wa_Kondele: Heri nyinyi. Mimi wa meno aling'oa zima akaacha bovu.

Spea_Kibuye: Kwani ulimlipa?

Jamaa_wa_Kondele: Kabla hajashika koleo!

Mwenye uzi: Jamani, KICHWANI! Hakuangalia hata jicho moja!

Msafiri254: Samahani, nauli ya Nakuru leo ni ngapi? Makanga hapa steji ananiambia imepanda tena.

Omosh_Nyalenda: Usilipe. Huyo namjua, anaongezea kila mtu mwenye sanduku.