Muuza magari kagoma kurudisha amana yangu, nifanyeje?

Tairi Jipya (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri wa haraka, usingizi sipati.

Nililipia kishika uchumba kwenye yadi moja ya magari yaliyotumika. Gari jeupe, safi, injini 1NZ, dashibodi inasoma kilomita 68,000. Muuzaji akaniambia kuna mtu mwingine analimezea mate, kama nalitaka niweke chochote alishikilie. Nikaweka. Baadaye nikampeleka fundi wangu akalichungulie. Kufungua boneti, akakuta kibandiko cha taimingi belti kimeandikwa 104,000. Yaani belti ilibadilishwa likiwa na 104,000, halafu leo linasoma 68,000!

Nikamwambia muuzaji biashara basi, nirudishie changu. Anasema hela hairudi. Simu zangu sasa anapokea akijisikia.

Risiti ninayo. Naanzia polisi, mahakamani, au niende na vijana wangu tukae getini mpaka atoe? Ushauri tu jamani, matusi hapana.

Gia ya Tatu

Pole sana mkuu. Hao watu wa magari nawajua. Mimi niliuziwa gari linanukia marashi mpaka nikajisifia kwa wife. Mvua za kwanza tu, harufu ya tope ikaanza kupanda kutoka chini. Fundi akaniambia vuta mkanda wa kiti wa nyuma mpaka mwisho kabisa. Nikavuta. Ile sehemu ambayo huwa imejikunja ndani ilikuwa na mstari wa udongo, umekauka, kama mtu kauchora na rula. Kuinua kapeti, kwenye reli za viti kuna mchanga na kutu. Gari lilishazama mafuriko lile, watu wakaliosha wakalirudisha sokoni.

Toka siku hiyo sinunui gari bila kuvuta mikanda yote, wauzaji wananiona chizi. Kuhusu hela yako sina la kukwambia, ya kwangu haikurudi.

Wakili wa Kijiwe

Polisi baadaye. Kwanza hiyo risiti imeandikwa nini?

Tairi Jipya

Imeandikwa kawaida tu mkuu, wamepokea kiasi fulani kwa ajili ya gari.

Wakili wa Kijiwe

Neno kwa neno.

Tairi Jipya

Sawa. "Amana ya kushikilia gari. Haitarudishwa mteja akighairi." Lakini hiyo imechapwa kwenye kila risiti yao, chini kabisa, maandishi ya sisimizi. Nani anasoma? Halafu mimi sijaghairi, nimegundua.

Mama Wawili

Uliweka kiasi gani?

Tairi Jipya

Robo ya bei.

Mama Wawili

Robo ya bei kwenye gari ambalo fundi hajaliona! Jamani wanaume. Sisi tukinunua nguo tunaigeuza mishono, tunaivuta, tunaishika mwangani. Ninyi mnatoa robo ya gari kwa kuambiwa kuna mwenzako analitaka. Huyo mwenzako hayupo, baba. Hajawahi kuwepo.

Wakili wa Kijiwe

Mama Wawili umepiga penyewe, ila tumsaidie. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza zinatenganisha mambo mawili. Hela ikiwekwa kama dhamana kwamba hutanii, ukighairi bila sababu inabaki kwa muuzaji hata kama hakupata hasara ya senti. Hiyo ni tangu kesi ya Howe v Smith, 1884. Hela ikiwa ni sehemu tu ya bei iliyotangulia, ukighairi unarudishiwa, yeye anakata hasara yake halisi. Risiti yako inakuweka kundi la kwanza.

Ila hiyo robo inaweza kukuokoa. Kuna kesi ya Workers Trust dhidi ya Dojap, ilitoka Jamaika ikaamuliwa London mwaka 1993. Mnunuzi aliweka asilimia 25 wakati kawaida ilikuwa 10. Majaji wakasema kiwango hicho kimegeuka adhabu, hela irudi, muuzaji abaki na haki ya kudai hasara aliyopata kweli. Ilikuwa ya ardhi, si ya magari, kwa hiyo usiende kuiimba getini.

Na kama alikutajia hizo 68,000 ndipo ukaweka hela, na si kweli, una sababu ya kuvunja biashara yenyewe. Maandishi yale ya sisimizi yanahusu anayeghairi, hayamhusu aliyedanganywa.

Ustadh wa Mchana

Assalaam alaykum. Suala la arubuni, yaani hela ya kushikilia kama hiyo yako, wanazuoni wamelijadili karne nyingi kabla gari halijatengenezwa. Abu Hanifa, Malik na Shafii hawakukubali muuzaji abaki na hela ya mnunuzi aliyeghairi. Ahmad bin Hanbal akaruhusu. Kwa hiyo huyo muuzaji naye asionekane mwizi moja kwa moja. Lakini kumkubalia mwenzio aliyejutia biashara kuna thawabu kubwa. Mwendee kwa upole, mkumbushe.

Kobe Mkavu

Ustadh, na kurudisha kilomita nyuma kuna kauli ngapi?

Ustadh wa Mchana

Huo ni udanganyifu. Hapo hakuna aliyehitilafiana na mwenzake.

Tairi Jipya

Asante Wakili, asante Ustadh. Upole nimeshautumia mpaka umekwisha. Mpango wangu nipite pale kila asubuhi nilipige picha gari langu, nyeusi ile inaonekana toka barabarani, aone kwamba sijalala. Nataka hela kabla ya mwisho wa wiki hii.

Mama Wawili

Kwa nini mwisho wa wiki hii? Una safari?

Tairi Jipya

Kuna mambo yangu tu dada.

Mama Wawili

Mambo gani? Umeshaona gari lingine wewe.

Tairi Jipya

Nimeona, kwani kosa? Mtu hawezi kukaa bila usafiri akisubiri haki. Kuna dalali kaniletea lingine, bei nzuri kuliko lile, nimeweka kidogo lisipotee.

Gia ya Tatu

Kishika uchumba cha pili! Wa kwanza hajakurudishia barua umeshaenda kujitambulisha kwingine 😂😂

Wakili wa Kijiwe

Swali moja, ujibu kwa unyoofu. Hilo la pili ulililipia kabla fundi hajaona kibandiko au baada?

Tairi Jipya

Kama siku hiyo hiyo.

Wakili wa Kijiwe

Asubuhi au jioni?

Tairi Jipya

Wakili mbona unanihoji kama mimi ndiye niliyerudisha kilomita? Hata ningelipia magari kumi, kilomita zimerudishwa au hazijarudishwa? Na hilo la pili siwezi kuliacha, nimeshamwambia na mzee wangu.

Spana Kumi na Nne

Samahani nimechelewa, nilikuwa chini ya gari. Mleta uzi, umesema injini ni 1NZ?

Tairi Jipya

Ndiyo, 1NZ.

Spana Kumi na Nne

1NZ ina cheni. Haina taimingi belti. Nimezifungua nyingi. Hicho kibandiko cha belti kimetoka kwenye gari gani?

Kobe Mkavu

Nilikuwa nasubiri mtu aseme. Hii ni chai. Someni tena: mwanzo gari ni JEUPE, huku chini "nyeusi ile inaonekana toka barabarani". Belti haipo kwenye injini, rangi inabadilika kama kinyonga, na ukimuuliza asubuhi au jioni anakuwa mkali. Mimi nasema yadi haipo, gari halipo, na mzee wake hajui kama tunamtaja.

Gia ya Tatu

Aisee! Mimi nimetoa siri yangu ya mafuriko bure kumbe tunapigwa kamba.

Mama Wawili

Au ana yadi yake, anamchafua jirani. Hizi biashara zina husuda sana. Ule mwaka wa saluni yangu jirani alituma mtu aje aseme nimemuunguza nywele. Kaja na kitambaa kichwani, nikamwambia vua tuone. Akakimbia.

Ustadh wa Mchana

Tusimtuhumu ndugu yetu bila ushahidi.

Kobe Mkavu

Ushahidi ni rangi, Ustadh.

Tairi Jipya

Haya, nisikilizeni. Gari lipo. Kibandiko kimeandikwa Kijapani, mimi Kijapani najulia wapi? Fundi wangu alisema cha belti, nikaandika belti. Namba 104,000 ipo, nimeipiga picha.

Na rangi: lilikuwa jeupe. Sasa hivi ni jeusi. Mimi nilimwambia muuzaji nalitaka jeusi, maana jeupe linafanana na teksi. Akasema hakuna tatizo, atalipiga rangi tukimalizana. Nikamwambia anze tu, hela si nimeshaweka. Akalipiga. Sikuona kama inahusiana na kilomita ndiyo maana sikuiandika.

Wakili wa Kijiwe

Haihusiani!

Mkuu, umemfanya mtu abadilishe rangi ya gari lake zima, milango, boneti, ndani ya fremu za milango, na kwenye kadi ya gari bado limeandikwa jeupe. Akipata mnunuzi kesho lazima amweleze kwa nini jeupe limekuwa jeusi, na mnunuzi yeyote mwenye akili atajiuliza linafichwa nini. Hiyo ndiyo hasara halisi ninayokwambia kila mara, na umeisababisha kwa mdomo wako. Nimeandika aya tatu za sheria juu ya gari jeupe.

Tairi Jipya

Ila rangi nyeusi ndiyo inauzika mkuu. Kiukweli nimemwongezea thamani.

Mama Wawili

😂 Atoe na asante.

Spana Kumi na Nne

Kuhusu kibandiko, basi ni cha oili. Wajapani hubandika wakimwaga oili, wanaandika tarehe na kilomita. Wengine huandika za siku ile, wengine za zamu ijayo. Hata ikiwa ni za zamu ijayo, kutoka 68,000 mpaka 104,000 hakuna oili ya kukaa umbali huo. Kwa hiyo kwenye kilomita naanza kumwamini, kwenye mengine bado.

Tazama na vitu vingine. Mpira wa pedali ya breki umelika upande wa kulia? Usukani unang'aa mahali mikono inaposhika? Gari la 68,000 halitakiwi kuchakaa hivyo. Kisha mwombe muuzaji cheti cha kufutiwa usajili kule Japani. Kinaonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Kama gari lilipita mnadani, kuna na karatasi ya mnada, inatafutwa kwa namba ya chesisi. Na usishangae chesisi yenyewe kuwa fupi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana zile tarakimu na herufi 17 za magari ya kwingine, watu huwa wanadhani imekatwa.

Tairi Jipya

Pedali sikuangalia. Usukani una kava.

Spana Kumi na Nne

Kava aliweka nani?

Tairi Jipya

Nililikuta.

Spana Kumi na Nne

Basi livue.

Wakili wa Kijiwe

Fanya hivi, na getini usiende na vijana, utageuka wewe mshtakiwa. Andika barua ya madai. Taja tarehe ya risiti, kiasi, kilomita alizokutajia na ulizokuta, weka picha ya kibandiko, omba cheti cha Japani. Kisha, na hapa ndipo utakapokunja uso, ukubali kwa maandishi akate gharama ya rangi kwa risiti ya aliyepiga rangi, si kwa kukisia. Mpe muda wa kujibu. Asipojibu, mahakama za madai madogo zipo nchi nyingi na huhitaji wakili. Habari ya gari la pili usiiandike popote, lakini akikuuliza hakimu usidanganye.

Ulilipa kwa njia gani? Kama ni kadi ya benki, wape malalamiko mapema, kuna utaratibu wa kurudisha muamala na una ukomo wa muda.

Tairi Jipya

Kwa simu. Namba ya muuzaji mwenyewe.

Wakili wa Kijiwe

Siyo ya yadi?

Tairi Jipya

Alisema ya yadi ina hitilafu.

Kobe Mkavu

Hapa ndipo nimeanza kuamini. Mtu wa kutunga asingejitungia hivi.

Wakili wa Kijiwe

Barua ielekezwe kwa mwenye yadi, nakala kwa muuzaji. Inawezekana kabisa mwenye yadi hajui kama hela ilipita. Risiti ina muhuri?

Tairi Jipya

Ina muhuri. Hapo niko salama. Nitaandika. Ila ya rangi nitakata nusu kwa nusu, siwezi kubeba yote wakati gari nimemwachia.

Msafiri Pole

Wakuu, mimi nimeusoma uzi wote kwa sababu nyingine. Natafuta 1NZ nyeusi. Hiyo bado ipo?

Tairi Jipya

Ipo mkuu! Nakutumia ujumbe sasa hivi. Gari zuri mno, injini haina kelele, rangi mpya kabisa, hujawahi kuona weusi kama ule. Ukilichukua wewe na mimi natoka salama.

Msafiri Pole

Na kilomita?

Tairi Jipya

Mkuu, unanunua injini au unanunua dashibodi?