Banjo au fidla? Naanza sifuri, niko Louisville

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za Jumapili. Nina miaka 41, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na sijawahi kushika chombo chochote cha muziki. Tangu nihamie Kentucky, huu muziki wa bluegrass, muziki wa nyuzi wa mashambani wa huku, umeniingia moyoni. Nijifunze banjo au fidla? Naishi ghorofani na jirani wa chini ana mtoto mchanga.

*

Kaka, pole na zamu za usiku. Mimi niko Lexington, huu ni mwaka wangu wa nne na banjo, na nakushauri banjo. Fidla ni tamu, sisi wa pwani tumeizoea kwenye taarabu, lakini shingo yake haina freti, vile vijichuma vya kuonyesha pa kubonyeza: kidole kikisogea kidogo tu, sauti imeshapotoka, na bado hujauweza upinde. Banjo ya nyuzi 5 ikishatyuniwa G, unazipitia nyuzi zote bila kubonyeza popote na kodi ya G, yaani noti kadhaa zikilia pamoja, inatoka. Ongeza C na D, nyimbo nyingi tayari unazifuata.

Na usikubali kuambiwa hiki ni chombo cha watu wengine. Asili yake ni Afrika Magharibi. Waafrika waliovushwa utumwani ndio waliotengeneza banjo za mwanzo, kibuyu kilichowambwa ngozi, kama gambusi yetu inavyowambwa. Bill Monroe mwenyewe, mzaliwa wa Rosine hapa Kentucky, ambaye bendi yake ndiyo iliyoupa muziki huu jina, utotoni alijifunza kwa Arnold Shultz, Mmarekani Mweusi aliyepiga gitaa na fidla. Ukiingia mahali ukajikuta Mwafrika peke yako, vuta kiti ukae.

Mkono wa kulia ndio kazi. Utavaa kucha 3: ya plastiki kwenye gumba, za chuma kwenye shahada na kidole cha kati. Mtindo huu wa vidole vitatu ndio Earl Scruggs aliouingiza kwenye bendi ya Monroe mwaka 1945. Anza hivi: uzi wa 3, 2, 5, 1, kisha 4, 2, 5, 1. Gumba linapiga kila baada ya pigo moja. Nenda polepole mpaka mapigo yote yalingane, hata ikichukua wiki tatu. Mimi nilikimbilia kasi, nikaja kutumia miezi mingi kusahihisha.

Jambo jingine: usivue nyuzi zote kwa pamoja. Kile kijibao kinachozibeba hakikugundishwa, kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Changu kilianguka, nikakirudisha kwa kukisia, na kuanzia hapo kila nikipanda juu shingoni sauti haikubali. Badilisha uzi mmoja mmoja.

Kuhusu mtoto, fungua lile bakuli la nyuma, kisha sindika taulo kati ya chuma cha ndani na ngozi. Sauti inapungua sana.

*

Nakubaliana na dada. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, na hilo gumba nililitambua mara moja. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa kwetu Kongo aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey kule Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, alipiga gitaa kwa gumba na shahada tu, na gumba lake halikupumzika. Kaka, msikilize huku ukifanya zoezi lako.

Halafu usingoje uwe fundi ndipo uende kupiga na wenzako. Mwezi wa pili nenda. Kaa nyuma ya duara, piga taratibu, macho kwenye mkono wa kushoto wa mpiga gitaa. Hapo utaona kodi inapobadilika. Zamu ya kupiga peke yako ikikufikia na hauko tayari, tikisa kichwa, inapita kwa jirani. Hakuna atakayeona vibaya.

*

Asanteni sana, dada na kaka. Ijumaa siendi kazini, nakwenda kutafuta ya kukodi kwanza. Taulo ninalo.